Mgonjwa wa Kumi na Moja

Ukija kwenye zahanati yetu utaulizwa swali lile lile mara tatu: "Kuna dawa inayokudhuru?" Anayeuliza mara ya tatu ni karani wa mapokezi, ambaye huacha kiti chake akakufuata mpaka mlangoni kwangu, chumba cha sindano. Wagonjwa wamempachika jina la Bwana Swali na wengine wanamcheka waziwazi. Mimi sicheki, kwa sababu siku ile sindano ilikuwa mkononi mwangu.

Karani wetu hakusomea kompyuta. Alijifundisha kwa kitabu cha kuazima, na alipochoshwa na majalada yanayotafunwa na panya akatuandikia programu. Alitumia maktaba, yaani programu ndogo iliyokwishaandikwa na wengine, inayochukua faili la mgonjwa jinsi lilivyo na kulitunza kwenye diski. Alitembea kifua mbele wiki nzima. Nami, niseme ukweli, nilibweteka. Skrini ilinionyesha nani ana mzio wa dawa gani, basi nikaacha kuuliza.

Siku ya kumi na nane, asubuhi, umeme ulikatika ukarudi. Kompyuta ikawashwa upya kwa mara ya kwanza tangu programu ianze. Punde bibi mmoja akaniletea mjukuu wake wa miaka minne, mama mtu yuko kazini. Nikatazama skrini: mzio, hakuna. Nikavuta penisilini, nikamwambia bibi amshike mtoto vizuri.

"Sista, usichome!"

Karani alikuwa mlangoni, jasho linamtiririka, kiatu kimoja kimemtoka.

"Una wazimu wewe?" nikamfokea. "Unamtisha mtoto!"

"Mama yake aliniambia juzi, penisilini inamvimbisha koo! Niliandika mwenyewe, Sista. Sasa hivi nimefungua faili lake, orodha tupu!"

Nikaiweka sindano kwenye trei. Bibi alimkumbatia mjukuu wake.

Baadaye karani alinieleza. Maktaba ile huandika kwenye diski kile tu inachoona kimebadilika. Ukibadilisha umri wa mgonjwa, inaona. Ukiongeza neno kwenye orodha iliyo ndani ya faili, haioni mpaka uiambie, na yeye hakuiambia. Mizio yote ilikuwa kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ikionekana bila kasoro, na umeme ulipokatika ikapotea.

Ukutani palikuwa na karatasi aliyomchapia daktari jana yake: wenye mizio, kumi na mmoja. Idadi tu, hakuna majina. Tukakaa chini kukumbuka. Wanane, mtoto yule akiwemo, tuliwakumbuka haraka, wa tisa kwa kubishana. Wa kumi alijileta mwenyewe kesho yake. Tukawapigia wagonjwa wote wenye simu, na wa kumi na moja hakupatikana.

Hiyo ni miezi saba sasa. Programu ilirekebishwa kwa mstari mmoja na haijapoteza kitu tena. Lakini kuna mtu huko nje anayejua kwamba alishatuambia, kwa hiyo hatasema tena. Kila nikivuta dawa, naogopa. Nasikia viatu vya karani vikiburuza kwenye ukumbi, nashusha mkono, namsubiri aulize.