Siku Shamsa Alipogoma Kubebwa

Zilibaki dakika kumi na mbili mlango wa mtihani ufungwe, Shamsa akagoma kubebwa.

Nilidhani ananitania.

Mgongo nilishauinamisha chini ya ngazi, nikimsubiri apande. Ngazi ishirini na sita, zimelowa ukungu wa Lushoto. Shamsa hakusogea kwenye kiti chake cha magurudumu. Akiikosa karatasi hii, anarudia mwaka.

"Panda bwana, tunachelewa!"

"Sipandi, Tobia. Miaka miwili wanaume mnanishika mapaja, mnasema mnanisaidia. Leo mtihani ushuke."

Jamani, niliona aibu! Sisi wabebaji tulivyokuwa tunajisifu chuo kizima.

Nikapanda mbio kwa msimamizi, Mwalimu Yohane.

"Shikamoo mwalimu. Shamsa anaomba afanyie mtihani chumba cha chini."

"Marahaba. Kile ni stoo siku hizi."

"Si kilitengwa kwa ajili yake?"

"Kilitengwa. Mkakikataa wenyewe."

"Nani kakikataa?"

Akafungua faili, akanisogezea barua.

"Chumba cha chini hakihitajiki. Mwenzetu tunambeba wenyewe, hana shida." Chini, saini ya kiongozi wa darasa.

Yangu!

Nikakumbuka. Miaka miwili nyuma ofisi iliuliza kama chumba kinahitajika, nikajibu hapo hapo, tena nikajiona mtu mwema kweli kweli. Shamsa mwenyewe sikumuuliza.

"Mwalimu, niliandika uongo. Naomba ufunguo wa stoo."

Akaniangalia, kisha saa. "Msaidizi wangu, Madamu Marta, atashuka na karatasi. Ila wewe, mlango wangu hautakusubiri."

Nikachukua ufunguo, nikashuka hivyo hivyo.

Nikatoa majembe, viti vibovu, magunia. Huku nahema, nikamwambia Shamsa habari ya barua. Akageuzia kiti chake upande wa pili. Afadhali angenitukana.

Kengele ikalia. Juu, mlango ukafungwa. Basi, nimejimaliza.

Shamsa akajisukuma mwenyewe mpaka ndani. Madamu Marta akaweka karatasi mezani.

"Madamu," Shamsa akasema, "chumba hiki mtihani haujaanza, si ndiyo?"

"Naanza kuhesabu sasa."

Shamsa akanigeukia. Mimi nimesimama mlangoni, vumbi mpaka kwenye kope.

"Una la kuniuliza?"

"Shamsa... naomba kufanyia mtihani humu. Unakubali?"

Akaipanga kwanza kalamu yake mezani.

"Kaa. Kule pembeni."

Nilifanya mtihani ule nimekalia ndoo.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, mimi nilimbeba mtu miaka miwili bila kumuuliza swali moja. Ninyi muulizeni kwanza.