Kiwiko cha Wifi Yangu Makerita

Makerita ni dada wa mume wangu, na kichwa chake ni kigumu kuliko nazi kavu. Namsema akiwa mzima, ananisikia. Kwa kusuka mikeka, kisiwa chetu kizima cha Savai'i hana mpinzani. Mume wangu alipochaguliwa kupewa cheo cha ukoo, kusuka mkeka wa sherehe ikawa kazi ya Makerita, naye hakutaka mkono mwingine uuguse.

Kazi ikiwa katikati, kidole chake kidogo na cha pete vikaanza kufa ganzi. Akaenda kwa bibi Telesia, mkandaji wetu. Telesia akabonyeza kiwiko, Makerita akaruka. "Hapo hapo!" wakasema wote wawili, wakafurahi. Ikawa kila siku mafuta ya nazi na dole gumba palepale panapouma. Mkono ukazidi kuuma, nao wakazidi kukanda!

Nikamburuta hospitali. Daktari Toleafoa akamgonga upande wa ndani wa kiwiko. Umeme ukashuka hadi kidole kidogo. Akampa karatasi aibane kwa dole gumba na ubavu wa kidole cha shahada. Daktari alipoivuta, ikachomoka kirahisi.

"Mama, mshipa wa fahamu unaopita hapa umevimba. Huwa unauegemea?"

"Siegemei popote, daktari."

"Mwongo!" nikadakia. "Kwenye bingo je? Si unalala ubavu sakafuni, umejitegemeza kiwiko hichohicho mpaka mchezo uishe?"

"Wifi, umekuja kunitibu au kunishtaki?"

Akaambiwa asiegemee, asikandwe pale, alale amefungwa taulo kiwikoni mkono usikunjike, na kusuka apumzike kwanza. Akipuuza, misuli ya kiganja itanywea na huenda isirudi.

Akaitikia vizuri sana. Jioni hiyohiyo nikamkuta kwenye bingo, kiwiko juu ya mto.

"Si nimeweka mto?" akasema.

Nilitamani kulia. Taulo lenyewe alikuwa anajifutia jasho, na kulipokucha alirudi kwenye mkeka.

Basi siku moja nikamkuta ameuinamia, chane za majani ya mkadi anazosukia zimekwenda upande, kidole kidogo kimejikunja, machozi yanamtoka.

"Sizisikii," akasema. "Wifi, chane sizisikii."

 Nilimwonea huruma, na niliogopa.

"Kaa hapa," akasema. "Fumua hii, anza upya."

"Mimi? Si husema nasuka majamvi ya kuanikia mbata?"

"Bado nasema. Kaa."

Nikasuka, yeye kando yangu, mkono umenyooshwa ndani ya taulo, ananitukana mstari kwa mstari. Bingo akaiacha. Kwa Telesia akawa anakwenda kupiga soga tu.

Siku ya sherehe mkeka ukatandazwa mbele ya watu, nikadhani siri itabaki yetu. Makerita akapaza sauti: "Mnaona pale palipopinda? Ni kazi ya wifi yangu huyo!"

Watu wakaangua kicheko. Nikageuka nimjibu, mdomo tayari, nikauona mkono wake unaoonyesha. Alikuwa anaonyesha kwa kile kidole kidogo, nacho kimenyooka.