Sauti Yangu Kubwa na Kitambaa cha Kijani

Mwanangu, weka hiyo simu kando, uje ukae hapa karibu na shosho, nyanya yako. Wacha nifurahi! Kesho asubuhi utaketi kwenye meza ya usajili niliyoketi mimi nikiwa na miaka ishirini na miwili, katika ukumbi ule ule wa kanisa letu hapa Kangemi, na wanawake waliokimbia vita watakuja kutibiwa bure. Tangu uniambie sijatulia. Lakini kabla hujaenda, ipo siku moja naikumbuka kuliko hata harusi yangu, na lazima uisikie.

Wakati huo nilikuwa najifunza ushonaji, na Jumamosi nauza mboga na mamangu sokoni Dagoretti. Sauti nilikuwa nayo! Nikiita wateja, hata watu wa machinjioni walikuwa wakigeuka. Waliniita Spika, na mimi nikajiona kweli kweli. Kwa hiyo kambi ya matibabu ilipokuja, nikapewa kazi ya kusoma kadi na kuita wagonjwa. Msimamizi alikuwa Sista Mutheu, muuguzi mzee kutoka Ukambani, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, aliyekuja kujitolea kila mwaka.

Ukumbi ulijaa wanawake na wasichana waliokimbia mapigano huko kwao, wakahifadhiwa na jamaa zao humu mjini. Nilichokuwa sijui ni kwamba walitoka pande zote mbili za ugomvi, na sasa walikuwa wamebanana kwenye benchi moja. Nawe unaijua Kenya yetu: jina la tatu likitajwa tu, kila mtu ameshajua wewe ni wa kwa nani.

Siku hiyo alikuwepo daktari wa upasuaji, wa siku moja tu. Alikuwa akichagua wale ambao angewafanyia upasuaji hospitalini bila malipo, na orodha yake ilikuwa inafungwa saa kumi jioni.

Nikachukua kadi. Nikasoma majina yote matatu, nikasoma na kijiji, halafu, aki Mungu anisamehe, nikasoma na ugonjwa: "Wa kuvuja mkojo, aje hapa mbele!"

Benchi lote likageuka. Mama mmoja mwenye kilemba cheupe aliinua kichwa ghafla aliposikia kile kijiji. Msichana mwembamba, hajafika miaka ishirini, akasimama, akajifunga leso vizuri, akatoka nje. Alikuwa amejifungulia vichakani wakati wa kukimbia, siku tatu za uchungu bila mkunga, mtoto akafa, na tangu hapo mkojo ulikuwa ukimtoka wenyewe. Hayo yote yalikuwa kwenye kadi niliyoishika.

Unajua nilifanya nini? Nikachukua kadi inayofuata! Nikavuta pumzi niite tena.

Sista Mutheu akanishika mkono. Hakupaza sauti. "Wanjiru, hapa si sokoni. Huyo msichana amejificha miezi minane, na wewe umemwanika kwa dakika moja. Toka uende umlete. Hiyo orodha ikifungwa bila yeye, usirudi kwa meza yangu."

Nilitamani ardhi inimeze. Kadi ilisema anakaa kwa shangazi yake, mtaa wa Mountain View. Nikatoka mbio, nikavuka barabara kuu ya Waiyaki Way roho mkononi, nikaingia mtaani kumuulizia shangazi, si msichana mwenyewe. Hilo angalau nilikuwa nimeshajifunza.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akianua vitambaa vyake kwenye kamba. Aliponiona akarudi nyuma.

"Umekuja kuniita tena?"

"Nimekuja kuomba msamaha, dada. Nimekukosea sana. Nilikuwa najisikia na hii sauti yangu, hata sikukufikiria."

"Wameshajua mimi ni wa wapi. Siwezi rudi huko."

"Daktari anafunga saa kumi. Tafadhali, twende. Jina lako silitaji tena, haki ya Mungu."

"Sasa nitajua aje ni zamu yangu?"

Nikatia mikono mfukoni, nikagusa kipande cha kitambaa cha kijani, masalio ya gauni nililokuwa nashona kwa fundi wangu. Nikakirarua katikati. "Hiki shika wewe. Hiki kingine nakibana kwa kadi yako. Nikikiinua, unakuja. Mdomo wangu hautafunguka."

Akakiangalia kile kitambaa, akaniangalia mimi. "Basi ngoja nibadilishe leso," akasema. Jameni! Nilitaka kuruka.

Tulifika saa kumi kasoro dakika kumi. Nikainua kitambaa bila neno, akaingia kwa daktari. Alipotoka, alikuwa wa mwisho kwenye orodha. Wa mwisho, lakini alikuwemo! Nilipogeuka, yule mama wa kilemba cheupe alikuwa amesimama mbele ya meza yangu, akisubiri dawa zake. Nikajua ameleta maneno. Akainama, akaninong'oneza: "Na mimi nipe kitambaa. Hata mimi naogopa kuitwa hapa."

Kumbe alishtuka kwa woga wake mwenyewe, si kwa chuki! Nikakimbia kwa fundi wangu, nikarudi na mfuko mzima wa masalio, ya maua, ya mistari, ya madoadoa. Jioni hiyo Spika hakutamka jina hata moja, na watu wote walitibiwa.

Wiki kadhaa baada ya upasuaji, kambi iliporudi ukumbini kuwaangalia wagonjwa wake, msichana naye alikuja. Aliingia akikimbia! "Sista, naamka kitanda kikavu! Siku kumi na moja!" Sista Mutheu, yule asiyecheka ovyo, alicheka mpaka akashika meza. Msichana akafungua pindo la leso, akatoa kile kitambaa cha kijani, akakiweka mbele yangu. Kisha akaugeukia ukumbi, akataja mwenyewe majina yake yote matatu, na kijiji chake, kwa sauti iliyoshinda yangu. Aliyepiga kigelegele cha kwanza ni yule mama wa kilemba cheupe.

Kisa hiki aliniruhusu nikisimulie. Jina lake ndilo sitakuambia, kwa sababu nilimwahidi.

Basi nisikilize vizuri. Kesho utashika kadi zenye aibu na hofu za watu. Si zako, umepewa uzishike kidogo tu. Usiangalie jinsi wewe unavyoonekana pale mezani, mwangalie aliye mbele yako. Ukikosea, na utakosea, usichukue kadi inayofuata. Simama, umfuate mtu uliyemkosea, umwombe msamaha kabla orodha haijafungwa. Usimwache mwanamke yeyote achague kati ya kupona na kujificha.

Shika mkebe huu. Umejaa vitambaa, na kile cha kijani kiko juu kabisa. Mungu akufunike mwanangu, akupe mikono miepesi na mdomo mzito, na wote watakaopita mezani kwako warudi kwao wakiwa wazima. Na kesho ukimsikia mmoja wao akijitaja mwenyewe kwa sauti, nipigie simu hapo hapo, na mimi nipige kigelegele hapa jikoni mpaka majirani waje kuuliza kuna nini.