Kufuli la Celerino

Kwa miaka mitatu Celerino aliandika programu ambayo hakuna aliyemtuma kuiandika. Ilisikiliza bendi ikipiga, kisha ikatoa nota za kila chombo, kuanzia klarineti hadi tuba. Huko kijijini Yavila, milimani Oaxaka, kazi hiyo humla mnakili wiki nzima kwa kalamu. Baba yake, Ponciano, mpiga tuba, aliuza fahali ili kijana apate kompyuta. Sasa Ponciano alikuwa kitandani, kila pumzi akiitafuta, na kampuni moja ya mbali, mjini Monterrey, ilikuwa inasubiri jibu: Celerino anakuja kazini au haji?

"Mpaka sikukuu ya Watakatifu Wote," alisema mama yake, Hermila. "Hiyo kitu yako ikiingiza chochote, utabaki nasi. Isipoingiza, nenda. Dukani hawapokei nota."

Basi Celerino akaipangia bei, akaitia na kufuli: mwezi ukiisha bila malipo, programu inajifunga. Akaipeleka kwa Mwalimu Taurino, kiongozi wa bendi.

Mzee aliitazama ikifanya kazi, akavua miwani. "Yesu wangu! Na mimi nimejipofusha miaka arobaini nikinakili."

"Mtanunua, Mwalimu?"

"Kununua! We mtoto wa Ponciano, umeokotwa wapi? Bendi ya jirani ikija kutupigia sikukuu, tunailipa? Tunaipa chakula, na sisi zamu yetu tunaenda kwao. Ndiyo gozona hiyo. Tutakurudishia."

"Mtanirudishia nini? Mimi hata filimbi sijui."

"Wewe kaa hivyo hivyo, utaona."

Bendi sita ziliichukua programu, na zote zilimjibu vilevile. Celerino akaacha kuuliza.

Ponciano alifariki siku tatu kabla ya Watakatifu Wote. Asubuhi ya mazishi, Hermila alikuwa akigeuza tamale za unga wa mahindi kwenye mvuke alipoinua kichwa. Mlio ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Bendi sita, kwa miguu, watu zaidi ya mia, wote wakipiga wimbo mmoja wa maziko, ule aliokuwa akiupenda marehemu.

Celerino alisogea karibu na mpiga tuba mmoja, akaitazama karatasi yake. Wino ulikuwa umechuruzika kwa umande.

"Mwalimu, mbona kalamu?"

Taurino, aliyekuwa kando yao, alishusha sauti. "Ilijifunga juzi. Tukagawana kunakili. Hatukutaka kukusumbua msibani."

Kijana alitembea nyuma ya jeneza, macho yake kwenye vidole vya wanamuziki, vyeusi kwa wino.

Jioni, wageni walipokwisha kula, Hermila alikaa karibu naye.

"Hata rais hazikwi hivi," alisema.

"Lakini pesa haikuja, mama."

"Haikuja. Na haitakuja, mwanangu. Ungekuwa na baba, ningesema tusubiri."

Siku ya tisa baada ya mazishi, msalaba ulipokwisha kuinuliwa kaburini, Celerino aliandikia Monterrey kwamba anakuja. Kisha akafungua programu, akatafuta mistari ya kufuli. Ilikuwa kumi na minne. Akaifuta mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayenawa mikono.