Matrida, ng'ombe aliyemshinda na barua ya Morogoro

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala mabondeni Butiama. Zizini kwa Ursula Magige, mwanamke mwembamba mwenye buti za mpira amekandamiza ngumi kwenye ubavu wa kushoto wa ng'ombe mwekundu, amefumba macho. Ng'ombe anapumua tu, na mvuke wa pua zake unapotelea ukunguni.

"Daktari, umelala?" anauliza Ursula.

"Sijalala, mama. Nahesabu."

"Unahesabu nini, na ng'ombe mwenyewe ni mmoja?"

Matrida Kwangu anacheka bila kufumbua macho. Anahesabu tumbo kubwa la ng'ombe linajikunja mara ngapi kwa dakika mbili. Mara mbili au tatu, chakula kinasagika vizuri. Leo limejikunja mara moja, kivivu, kama wimbi dogo la ziwa siku isiyo na upepo.

"Jana amekula nini?"

"Unga wa mahindi. Aliingia jikoni mwenyewe, mwizi huyu. Ndoo nzima!"

"Basi mwizi amevimbiwa. Tutampa dawa, atapona."

Matrida ana miaka thelathini na mmoja na stashahada ya afya ya mifugo. Kazi yake kisheria ni ya mtaalamu msaidizi: kuchanja, kutibu ndigana inayoletwa na kupe, kuangalia kiwele, kupandikiza ng'ombe mbegu kwa mrija. Anaishi Kabasa, mjini Bunda, na kila asubuhi pikipiki humpeleka hadi vijiji vya Butiama. Mwezi mzuri hupata kama laki nne, na sehemu yake kubwa huishia kwenye petroli.

Wafugaji humwita daktari. Yeye huwarekebisha. "Nawaambiaga daktari yupo Musoma, mimi ni msaidizi," anasema. "Wananijibu, huyo wa Musoma hatumjui sura."

Ndani ya koti lake kuna barua. Amepata nafasi ya kwenda Morogoro kusomea udaktari wa mifugo, miaka mitano. Anatakiwa ajibu kabla ya Ijumaa. Leo ni Jumatano.

Tangu ilipofika, analala usingizi wa ajabu. "Naota nipo darasani, halafu ng'ombe anaingia mlangoni taratibu, anasimama, ananiangalia," anasimulia. "Wenzangu wote wanaandika. Mimi tu ndo namwona."

Mtu ambaye angemuuliza hayupo. Felisian, msaidizi mkongwe aliyemfundisha kazi kwa miaka miwili, alizikwa mwezi Machi huko Bweri, nyuma ya nyumba yake ambayo haikuwahi kupigwa lipu. Ndiye aliyemfundisha kutomgusa ng'ombe kabla ng'ombe hajamnusa. Ndiye aliyemwonyesha kufumba macho wakati wa kuhesabu, kwa sababu, alisema, macho yana haraka kuliko mkono.

Felisian alikuwa msaidizi kwa miaka thelathini na mmoja na hakuwahi kulalamika. Wiki kadhaa baada ya mazishi, ng'ombe wake wawili walikuwa bado wanageuza vichwa barabarani kila pikipiki ilipopita, wakidhani ni bwana wao. Matrida aliwaona. Alizima yake mbali kidogo, akaisukuma kwa mkono hadi nyumbani kwa marehemu.

"Alikuwaga anatosha," anasema. "Ndiyo maana nilidhani na mimi nitatosha."

Kisha akaja ng'ombe wa Mzee Alfonce.

Ilikuwa Julai. Ndama alikuwa mkubwa, amekaa vibaya tumboni, na Matrida alivuta hadi mikono ikafa ganzi. Alijua kinachotakiwa: kumpasua ng'ombe ubavuni na kumtoa ndama. Alijua pia kwamba hakusomea kupasua na haruhusiwi. Alimpigia simu daktari wa Musoma. Daktari alikuwa Bunda, kwenye ng'ombe mwingine. Alisema anakuja.

Katika maboma ya huku, ng'ombe akishindwa kuinuka, kisu hutolewa mapema. Akifa mwenyewe ni kibudu, na kibudu hakiliwi wala hakiuziki. Wanaume walikuwa wameshakuja na kisu. Matrida akamwomba Mzee Alfonce asubiri.

"Nisubiri nini, binti yangu? Si uko hapa?"

"Nasubiri daktari, baba."

"Kwani wewe ni nani?"

Mzee alisubiri kwa muda wa saa tatu, kwa heshima tu. Kisha ng'ombe akalaza shingo, na mzee akawaashiria wenye kisu kwa kichwa. Daktari alifika wakiwa wanachuna. Ndama alitolewa akiwa amekufa.

Desturi ya boma lile ni kwamba aliyemhangaikia mnyama haondoki mikono mitupu, na kukataa ni kuliombea boma mabaya. Mzee Alfonce mwenyewe alimfungia mbavu kwenye majani ya mgomba.

"Nililipwa nyama ya ng'ombe niliyeshindwa kumwokoa," anasema Matrida. "Nikaibeba hadi Kabasa. Sikuweza kuipika. Nilimpa jirani, nikamwambia nimefunga."

Wiki hiyohiyo alituma maombi ya chuo. Lakini kutuma ni jambo moja, kuondoka ni jingine. Akikaa, wataendelea kumwita daktari na yeye ataendelea kupiga simu Musoma. Akienda, nani atajua kwamba ng'ombe wa Ursula ni mwizi wa unga? Msaidizi mwenzake wa Guta amekubali kupita huku kila Jumanne. Jumanne moja kwa wiki.

Ng'ombe ameshanyweshwa dawa. Ursula, mjane wa miaka hamsini na sita, anamtazama Matrida anavyonawa mikono polepole mno.

"Una neno, mwanangu. Liseme."

Matrida anatoa barua, anamsomea. Ursula anaokota kijiti, anakivunja.

"Kwa hiyo unatuacha."

"Bado sijajibu, mama."

"Mitano ni mingi." Ursula anamgeukia mtamba mweusi aliyesimama pembeni, ambaye bado hajazaa. Anaanza kukunja vidole. "Huyu akishika mimba mwaka huu, hadi urudi atakuwa na ndama wanne. Mungu akipenda."

"Ndiyo, wanne."

"Basi si miaka mitano. Ni ndama wanne tu." Anacheka, halafu anafuta jicho kwa pindo la khanga. "Nenda. Wawili wa kwanza tutawavuta wenyewe. Wa tatu tutamwita huyo wa Musoma, atachelewa, tutamtukana. Ila wa nne akikwama, nikute umerudi."

Ukungu umeanza kupanda mlimani. Matrida anapandisha pikipiki hadi kwenye mwinuko, mahali simu inaposhika mtandao, na kuandika jibu kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi.

"Huyo wa nne akikwama," anasema, "mama yake nitampasua mwenyewe. Na wote wawili watasimama."