Ndizi za Kuwapelekea Sokwe

Juzi nilikwama mpakani Malaba nyuma ya foleni ya malori, mama mmoja akanisogezea kichana cha ndizi sukari karibu na pua. "Chukua, dada, tamu kama asali." Nilimkatalia kwa ukali hata nikaona haya. Hakujua kwamba harufu ile hunirudisha darasa la nane, miaka ya tisini, na hasira ya siku ile haijaniisha.

Mwalimu wa sayansi alikuwa ametangaza safari ya Uganda, kuona sokwe msituni. Wewe unanijua, siwezi kwenda mahali bila kujiandaa. Wenzangu walifua sare. Mimi nilimsumbua mwalimu mpaka akaniazima kitabu chake, nikajifunza peke yangu jinsi sokwe wanavyotandika vitanda vya matawi na kupiga mizizi kama ngoma. Nilifanya hata mazoezi ya kutembea kimya juu ya majani makavu ya miwa nyuma ya jikoni, nyanya yangu akiniuliza kama nimechomwa na mwiba.

Jioni ya mwisho, moshi wa kuni ukiwa umejaa jikoni, nyanya alinipa kikapu cha ndizi zilizoiva vizuri.

"Hizi ni zao."

"Za nani, kukhu?" Ndivyo tulivyowaita nyanya zetu.

"Za hao mnaowatembelea. Kwani mnaenda kwa watu mikono mitupu?"

Nikamwambia ni wanyama. "Na hawana kwao?" akauliza. Nikakibeba.

Tulisafiri kutwa nzima, tukalala kwenye sakafu ya shule moja. Asubuhi, mwongozaji wetu alitupanga mstari ukingoni mwa msitu. Chakula hakiingii, alisema, maana sokwe akizoea chakula cha watu atakifuata mashambani, na huko atauawa. Nikainua mkono. Akachungulia kikapu, akacheka, akaniita bibi kwa Kiganda.

"Nyabo, umewaletea chai?"

Darasa zima liliangua kicheko. Basi letu lilikuwa limeenda kutafuta dizeli, na kutupa chakula kwetu ilikuwa dhambi. "Zimalize, au ubaki nazo hapa," mwongozaji akasema. Niliwapa wenzangu, wakakataa kugusa. Eti ni za sokwe! Nikala zote, harakaharaka, moja baada ya nyingine, nikanawa mikono, tukaingia.

Msitu ulikuwa baridi na umelowa. Nilitembea vizuri kuliko wote, nakuapia. Kisha tukasikia mayowe na mdundo, karibu kabisa, nyuma ya kichaka kimoja tu. Mwongozaji akainua kidole: kimya. Hapo kwikwi ikanishika.

Nilibana pua. Nilimeza mate. Ikatoka tena, kubwa zaidi. Mwongozaji akamnong'oneza mwalimu, mwalimu akanishika bega na kunirudisha nyuma hadi njia panda. "Pumua, mama, pumua," alikuwa akiniambia, na yeye mwenyewe akikosa kila kitu. Kwikwi ilipokatika, wenzetu walikuwa wanarudi.

"Umekosa! Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni!"

"Ameuliza ndizi zake ziko wapi!"

Nililia mpaka Jinja.

Nyanya alinipokea kwa swali akiwa bado anasonga ugali wa mtama. "Hawajambo huko?"

"Sikuwaona, kukhu. Niliwasikia tu."

"Wakifanya nini?"

"Wakipiga kelele. Wakipiga mizizi."

"Basi ni wazima," akasema, akageuza ugali.

Nilikasirika. Nilitaka anihurumie, au angalau akubali kwamba ndizi zake ndizo zilizoniharibia, lakini yeye alikuwa ameridhika kama mtu aliyepokea salamu kutoka kwa jamaa wa mbali.

Jiko lile limebomolewa, na yeye alishatuacha. Watu huniambia niende tena, barabara siku hizi ni nzuri. Nitaenda. Nitawaona kwa karibu, nitawapiga picha, na nikirudi nyumbani Busia wataniuliza kama picha zimetoka vizuri. Hakuna atakayeuliza kama hawajambo.