Ng'ombe wa Vipande Tisa

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primeri, halafu baba akasema shule imetosha, ng'ombe wanangoja. Ninasema hivyo mapema ili mutu asije akatafuta hapa maneno ya kiprofesa. Lakini nyumba ninayolala ndani yake, yenye mbao nzuri na bati jipya, niliijenga kwa vipande vya ubao vidogo kuliko kiganja. Watoto wangu sita walisoma kwa vipande hivyohivyo. Kwa hiyo mwenye diploma yake akae nayo.

Kazi yangu ni pazeli. Kwa asiyejua, ni picha iliyochorwa juu ya tripleksi, ule ubao mwembamba wa kubandikwa, halafu tripleksi inakatwa vipande, na mutoto anavipanga upya mpaka picha irudi. Nilikuwa seremala wa viti. Masere mumoja, mutawa wa shule ya watoto wadogo, aliniletea pazeli ya Ulaya, bata aliyepoteza kichwa, akaomba nimutengenezee kichwa. Nikatengeneza, kikaingia. Nikajiambia: kama ninaweza kichwa, nani atanikataza mwili? Nikanunua bokfil, kale kamusumeno ka upinde kenye wembe mwembamba kama uzi, nikaanza kazi katika chumba cha mbele.

Kwa miaka mingi, mutu akiniuliza nani alikufundisha, nilijibu: hakuna. Nilipenda sana kujibu hivyo. Sasa nimezeeka na jibu hilo limeanza kuniuma, kwa sababu kulikuwa na mutu. Alikuwa mama mukwe wangu.

Alishuka kutoka milima ya Masisi wakati wa mojawapo ya maasi. Sitasema uasi gani. Kila mumoja ulikuwa na jina lake la herufi, na mimi herufi sikuzisoma sana. Alifika na shuka moja na mukeka ambao hajaumaliza kusuka. Ng'ombe zake zote zilikuwa zimeliwa na watu wenye bunduki. Macho yake yalikuwa yameanza kufunga ukungu. Muke wangu akaniangalia tu, nami nikajua kwamba nyumba yetu ya vyumba viwili imepata mutu wa saba, maana watoto walikuwa bado wanne.

Mutu asiye wa kwetu hataelewa shida ilikuwa wapi. Nilivyolelewa mimi, mwanaume na mama wa muke wake wanaheshimiana kwa kuwa mbali. Hawali pamoja. Hawaangaliani usoni. Hawasemeshani hivihivi, na jina lake mwanaume halitoi mudomoni, hata akiulizwa na askari. Kwenye milima ni rahisi, kila mutu ana kilima chake. Katika vyumba viwili vya Goma tulipata pazia la kitenge na muke wangu katikati. Mimi nilikata mbao upande huu, mama mukwe alikaa upande ule, na muke wangu alikuwa redio yetu.

Siku za mwanzo mama mukwe alimaliza kusuka ule mukeka wake. Halafu akaomba, kupitia muke wangu, kitu cha kushika, kwa sababu mikono yake ilikuwa imezoea kusuka na sasa ilikuwa inauma kwa kukaa bure. Nikasukuma ng'ombe wangu mupya chini ya pazia. Nilikuwa ninajivunia ule ng'ombe. Nikamusikia akivigusa vipande, kimoja kimoja, polepole. Halafu akasema:

“Muulize bwana yako, huyu ni ng'ombe ao ni mbuzi aliyevaa koti?”

Muke wangu akageuka kwangu. “Mama anauliza…”

“Nimesikia. Mwambie mama kama batoto ba Goma habahesabu pembe.”

“Anasema…”

“Nimesikia na mimi,” mama mukwe akajibu. “Mwambie kama batoto ba Goma batakuwa bajinga kwa sababu ya baba kama yeye.”

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikamuchora upya, pembe ndefu zinazofunguka juu kama mikono ya mutu anayeomba. Akamurudisha. Shingo ilikuwa fupi. Nikamuchora tena. Akamurudisha, safari hii kwa sababu ya kipande cha muguu wa nyuma kilichobana. Muke wangu alinipa maneno yake yote, nami ninayakumbuka mpaka leo: “Mama anasema kipande kinachobana kinamufundisha mutoto kwamba yeye ndiye mubaya. Na kinacholegea hakimufundishi kitu. Anasema ukate kati ya hayo mawili, na kama hujui kati iko wapi, uulize vidole, usiulize macho.”

Kuanzia hapo hakuna pazeli iliyotoka nyumbani bila kupita chini ya pazia. Alizifungua na kuzifunga zote kwa vidole: ng'ombe wa vipande tisa, kuku wa saba, nyumba ya nane, mutumbwi wa sita. Modeli, zile picha za kufuata ninapokata, nilizikata kwa kartoni, nikazitundika kwenye musumari ukutani, na watu wakaanza kusema pazeli za kwangu haziharibiki. Nikawajibu ndiyo, mimi ni fundi. Sikutaja pazia.

Halafu mama mumoja wa ofisi ya mutaa wa Himbi, aliyekuwa anafungua shule za watoto wadogo, alikuja nyumbani. Akashika ng'ombe, akamupanga, akamubomoa, akamupanga tena na kucheka kama mutoto. Akaomba arobaini, kumi kwa kila picha. Akasema wazi: zikiwa tayari shule zikifunguliwa, atachukua kwangu kila muhula. Zisipokuwa tayari, ataleta za plastiki kutoka Kampala na hatarudi. Hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa. Ingenitoa kwenye viti kabisa.

Nilikuwa sijamaliza hata tano mulima wa moto ulipopasuka.

Sitaeleza moto ule. Kila mutu wa Goma ana wake. Nitaeleza ujinga wangu tu. Muke wangu alifunga mutoto mugongoni na sufuria kichwani, akasema, “Chukua vitu vya kazi.” Nikachukua bokfil na nyembe zake, nikatia kwapani. Nikachukua redio. Tulikuwa tumefika barabara ya Sake, nyuma yetu mjini moshi mweusi, muke wangu akauliza:

“Modeli ziko wapi?”

Zilikuwa kwenye musumari.

“Ulibeba redio,” akasema.

“Ndiyo.”

“Vizuri. Itatuambia habari za modeli.”

Mama mukwe alikuwa haoni vizuri njia, na muke wangu alikuwa na watoto. Mimi sikuweza kumushika mukono. Nilikuwa na kipande cha mbao kama rula ndefu, nikashika mwisho mumoja, yeye akashika mwingine, na ndivyo tulivyotembea katikati ya watu wote wale, mimi mbele nikiangalia mbele, yeye nyuma. Njia ikiwa na shimo nilishusha mbao. Akichoka aliivuta kidogo. Hakuanguka hata mara moja.

Tulisimama karibu na ziwa dogo la Lac Vert, kwenye kiwanja cha seremala mwenzangu. Huko moto haukufika, na huko ndiko nilikokuwa nimeweka tripleksi ya ile kazi ya Himbi, kwa kuwa kwangu hapakuwa na nafasi. Akatupa kona na shitingi moja, turubai la plastiki. Baada ya siku chache nilirudi mjini kuona nyumba. Niliona jiwe jeusi, bado la moto, na juu yake bati letu limekunjwa kama karatasi ya bonbo, pipi ya watoto. Nikarudi nikamwambia muke wangu, “Hakuna.” Nilipeleka ujumbe Himbi kuuliza kama kazi iko. Jibu likaja: iko, na shule zitafunguliwa baada ya wiki tatu.

Nilikuwa na mbao na musumeno, lakini ng'ombe hakuwepo.

Mutu anaweza kusema: si wewe uliyemukata mara mia? Ndiyo, nilimukata. Lakini nilikuwa ninafuata kartoni. Sasa nilichora kichwa, halafu shingo, halafu mugongo, na nilipofika miguu ya nyuma hakuna kilichokutana. Nilikata, nikatupa. Nikachora upya, nikatupa. Tripleksi ilikuwa inapungua. Muke wangu aliondoka kila asubuhi kupanga mustari wa maji na maharagi na kurudi jua likianza kulala, watoto wakubwa pamoja naye. Chini ya shitingi tulibaki mimi na mama mukwe, migongo inaangaliana, bila pazia, bila muke wangu wa kutupelekea maneno, na kati yetu mafiga matatu ya kupikia.

Siku mbili alisikiliza tu. Alisikia musumeno ukianza, ukisimama, na ubao ukianguka kwenye rundo. Siku ya tatu nilivunja wembe na kutukana, sitaandika nini. Halafu nikasikia sauti yake.

“Wewe jiwe.”

Nikafikiri ameanza kuchanganyikiwa kwa sababu ya moto.

“Wewe jiwe la mafiga, ninasema na wewe. Umuambie huyo mwanaume anaanza vibaya. Anaanza kwa kichwa kama mutu anayenunua ng'ombe sokoni. Aanze kwa tumbo. Tumbo ndilo linawashika wote.”

Nilibaki na musumeno mukononi. Niliangalia jiwe. Lilikuwa jiwe la kawaida, jeusi, lina masizi upande mumoja. Watu wa sasa watacheka, lakini nilijua alichofanya, na nilijua ni mimi sasa wa kujibu.

“Jiwe,” nikasema, “umuambie mama kama tumbo sikumbuki ukubwa wake.”

“Jiwe, umuambie ni kiganja changu na vidole viwili. Alete ubao na kaa la moto lililozimika.”

Nikaweka ubao na kaa juu ya jiwe, nikageuka. Akavichukua. Nilisikia kaa likikwaruza mbao. Alipovirudisha, tumbo la ng'ombe lilikuwa pale, na kuzunguka tumbo milango yote ya kuingilia vipande vingine, kila mumoja mahali pake. Mwanamuke asiyeona uso wa mutu hatua tano mbele yake. Aliipima ile milango kwa vidole vyake miaka yote nyuma ya pazia, na vidole havikuungua pamoja na nyumba.

Tulifanya hivyo kutwa nzima. Muke wangu aliporudi na ndoo kichwani, alisimama mulangoni mwa shitingi akasikiliza.

“Jiwe, umuambie mukia ni mwembamba.”

“Jiwe, mwambie nimeona.”

Muke wangu akashusha ndoo. “Kumbe mumepata mukalimani mwingine. Mimi nimefukuzwa kazi?”

“Huyu hali maharagi,” mama yake akasema.

Mimi nilishagonga mbao na watu wengi. Nimeona mafundi waliosoma ufundi kwa mapadri, wenye mashine za umeme. Sijaona kama yule. Nikikata na kumurudishia, alipitisha kidole gumba pembeni mwa kipande na kusema tu, “Jiwe, bado,” ao “Jiwe, imeenda.” Hakuwahi kusema “nzuri”. Ikifika “imeenda” nilifurahi kama mutoto, mimi mwanaume mwenye mvi. Kuku alikumbuka vipande vyake saba. Nyumba alikumbuka hata kasoro niliyokuwa nimeiacha kwenye dirisha, akaniambia kupitia jiwe kwamba sasa ni nafasi ya kuitoa. Mutumbwi akasema hakuupenda tangu zamani, akauchora wa kwake.

Arobaini ziliisha siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Nilizipakia kwenye chukudu ya mwenzangu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, nikasukuma mpaka Himbi. Yule mama wa ofisi akatoa ng'ombe mumoja, akamupanga juu ya meza. Akamuinamia.

“Huyu ni tofauti na wa kwanza. Ni muzuri zaidi. Nani alimuchora?”

Hapo nilikuwa na mudomo wangu wa siku zote, tayari kusema: mimi. Neno lilikuja mpaka kwenye meno. Nikaikumbuka ile mbao ndefu kati yangu na mama mukwe barabarani.

“Ni mama mukwe wangu,” nikasema.

“Jina lake ni nani, papa? Ninataka kuliandika nyuma ya kila moja, watoto walijue.”

Na jina lake sikuweza kulitoa. Nilisimama pale na kofia mukononi. Yule mama wa ofisi alikuwa mutu wa mbali, hakuelewa, alingoja na kalamu yake. Nikasema, “Mama, kwetu silitaji.” Akafikiri ninaona haya, ao ninaficha kitu. Akacheka kwa upole, akaandika la kwangu mara arobaini, mbele ya macho yangu.

Nilirudi Lac Vert na chukudu tupu. Muke wangu alikuwa bado kwenye mustari. Nikakaa mahali pangu, nikageuza mugongo.

“Jiwe,” nikasema, “umuambie mama kama nyuma ya pazeli wameandika jina langu. Si haki. Nilisema ni yeye, lakini jina sikuweza kulitaja.”

Nilimusikia akikunja shuka lake magotini.

“Jiwe, umuulize: wamechukua zote arobaini?”

“Zote. Na muhula unaokuja wanataka zingine.”

“Basi, jiwe, umuambie aache maneno. Alete ubao.”